Pua Isiyo na Mshono

Boneti ilisafiri nasi kutoka Arusha ikiwa imefunikwa shuka la Kimasai, juu ya paa la kosta, imefungwa kwa kamba za manila kila upande. Mwenyewe, kijana wa miaka 20 na ushee, alikaa kiti cha mbele yangu. Kila tulipovuka tuta alichungulia dirishani na kutazama juu, kama mtu aliyepakia mgonjwa. Tulipofika Longido nikashindwa kujizuia, nikamuuliza gari lenyewe liko wapi.

"Lipo nyumbani, kaka. Limebaki mdomo wazi."

Namanga, upande wa Kenya wa kile kituo cha pamoja, afisa aliinua ncha ya shuka akakuta boneti ya Subaru Impreza, ya buluu, yenye pua ya faibaglasi iliyopasuka ufa mrefu pembeni. Akauliza inapelekwa wapi. "Kwa daktari," kijana akajibu. Afisa akacheka, akaandika aliyokuwa akiandika, tukavuka.

Mimi nilikuwa na safari yangu nyingine kabisa. Nilikuwa nakwenda Naivasha kuandika habari za ziwa, samaki wake na mashamba ya maua yanayolizunguka. Lakini nyika ya Kajiado ni ndefu, migunga inafanana, na mtu aliyebeba boneti bila gari ana mazungumzo matamu kuliko ng'ombe wa dirishani.

Kajiado tukashuka kula. Hapa ndipo tumbo la mtu wa Arusha hutambua kwamba limevuka mpaka. Ndizi za kuchoma hazipo. Nyama choma inaletwa juu ya ubao, inakatwakatwa mbele yako, chumvi kichuguu kidogo pembeni, ugali mgumu wa kusimama wenyewe, na chai inakuja ya maziwa bila mtu kukuuliza. Kijana aliutumia ubao ule ule kunifundisha. Mbavu mbili za mbuzi, moja kila upande, zikawa injini. Injini ya Subaru ni boksa, alisema: mitungi 4 imelala ubavu, 2 huku na 2 kule, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Kwa kuwa imelala, juu yake hubaki nafasi, na kwenye nafasi hiyo watengenezaji waliweka intakula. Kipande cha ugali kikalazwa juu ya mbavu.

Turbo hushindilia hewa, na hewa ikishindiliwa hupata moto. Hewa ya moto imetanuka. Ukiipeleka kwenye mitungi unapeleka ujazo mwingi na oksijeni kidogo. Kwa hiyo lazima ipoe kwanza, na kazi hiyo ni ya intakula, ambayo inahitaji upepo kama redieta inavyouhitaji. Redieta iko mbele, inapigwa upepo uso kwa uso. Intakula ya Impreza imelala chali chini ya bati. Ndiyo sababu ya pua: tundu kwenye boneti lenye mdomo unaotazama mbele, unaodaka upepo na kuusukuma chini upite katikati ya mapezi. Mdomo huo umeinuliwa kidogo kwa sababu hewa iliyogusana na boneti huburuzika na kwenda polepole; upepo wenye nguvu uko juu yake kidogo.

Mafundi wa Nairobi huiita skupu. Kijana aliiita pua, nami nimebaki na pua.

Si kila pua hupumua. Pontiac GTO ya mwaka 1964, gari la Kimarekani ambalo wengi hulihesabu kuwa baba wa magari ya misuli, ilitoka kiwandani na pua za boneti zilizozibwa, pambo tupu. Mitsubishi Lancer Evolution ina matundu juu ya boneti, lakini yale ni ya kutoa joto, kwa kuwa intakula yake imekaa mbele, nyuma ya bampa. Hata Subaru wenyewe, Forester ya turbo iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2012 waliinyima pua na kupitisha upepo kwenye grili. Kijana alilisimulia hili la Forester kwa sauti ya msiba.

Gari lake lilizaliwa bila turbo, kwa hiyo lilizaliwa na boneti bapa. Alilitia injini ya EJ20 yenye turbo, iliyotumika Japani, na fundi mmoja nyumbani akatoboa boneti na kubandika pua ya faibaglasi. Ilipendeza msimu mmoja wa kiangazi. Masika yalipoingia ikapasuka.

Nairobi nikashuka naye. Kirinyaga Road, ambayo wakazi wengi wa jiji bado wanaiita Grogan kwa jina la enzi za Waingereza, haimwachi mwenye boneti atembee peke yake. Hatujamaliza mita 50 tulikuwa na wasindikizaji 4, kila mmoja anamjua fundi, kila fundi ni bingwa. Maduka ya vipuri yamebanana. Vioo vya pembeni vinaning'inia kama mikungu ya ndizi. Mtu anabeba mlango wa Probox kichwani anapita kwenye foleni kwa utulivu wa aliyebeba kikapu. Niliiona Gerezani ya Dar es Salaam, ila hii inaongea Kikuyu na Sheng. Muuzaji mmoja wa taa, mtu mzima, ndiye aliyekata maneno: kazi ya namna hiyo si ya hapa, nendeni Kariobangi, Light Industries, mtafuteni mzee anayegonga bati.

Tulimkuta ameinamia bampa la lori. Nikamsalimu kwa desturi ya nyumbani, "Shikamoo, mzee." Vijana wake wawili wakacheka, kwani Nairobi salamu hiyo husikika redioni au kwa mgeni. Mzee hakucheka. Aliweka nyundo chini, akanyoosha mgongo, akasema "Marahaba" taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amesahau kukidai. Kisha akasema, "Hawa ni wa Tanzania. Leteni viti."

Boneti hakuitazama usoni. Aliigeuza kwanza, akakagua upande wa chini, ndipo akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Aliyefanya hii ana mkono mzuri. Shida si yeye. Faiba na bati ni wapangaji wa nyumba moja. Jua likiwaka, kila mmoja anataka nafasi yake."

Alikuwa sahihi kabisa. Chuma na faibaglasi havitanuki kwa kipimo kimoja, na boneti iliyo juu ya turbo inaweza kutoka kwenye joto kali hadi kwenye mvua ya baridi ndani ya dakika chache. Tena resini huendelea kusinyaa taratibu muda mrefu baada ya kukauka, kwa hiyo hata kabla ya kupasuka, mstari wa maungio huanza kuchomoza chini ya rangi. Viwanda vinalijua hili. Pua ya plastiki ya Impreza ya turbo hufungwa kama kipande cha pekee, na mstari unaoizunguka huachwa uonekane. Hakuna aliyejaribu kudanganya. Mstari huo ndio hasa kijana aliouchukia.

"Nataka ionekane imezaliwa nayo, mzee."

"Basi tutaizaa," mzee akasema, na bei ikaanza kujadiliwa. Sitaitaja. Mwenyewe aliniomba, kwa kuwa mkewe husoma magazeti.

Nilipaswa kuondoka jioni ile. Nilikaa siku mbili.

Mzee alianzia Kamukunji, kijana mdogo, akigonga karai na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Alikuwapo katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa pale waliokuwa wakifanya kazi bila hata paa na kuwaahidi vibanda. Jina la jua kali, walilokuwa wakiitwa kwa kejeli, likaanza kuandikwa kwenye nyaraka za serikali. Mkunjo wa karai, alisema, ndio uliomfundisha bati. Bati bapa ni jepesi kwa kila mtu. Bati linalojikunja kwa pande mbili kwa mpigo, kama karai, kama pua, kama paja la mtu, linataka kutanuliwa hapa na kusinyazwa pale, na hakuna mashine Kariobangi inayomwambia fundi wapi.

Faiba yote ikaondolewa kwa grainda. Ndipo ikaonekana kwamba mwenzake wa Arusha alikata ubavu mmoja wa fremu iliyo chini ya boneti ili kupata tundu. Zile mbavu ndizo zinazoizuia boneti isipepee kwa kasi. Mzee alitumia asubuhi nzima kurudisha ubavu huo kwa kuuzungusha nje ya tundu, kazi ambayo hakuna macho yatakayoiona isipokuwa ya anayebadilisha oili.

Akakata kielelezo kwa katoni ya sabuni, akakihamishia kwenye bati la geji 22, chuma kisichofika unene wa milimita 1, sawa na boneti yenyewe. Bati na bati ni ndugu, watapata moto pamoja na kupoa pamoja. Kisha gogo la mti lenye shimo, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, na nyundo ya mbao. Tak, tak, tak, bila haraka, bati likizungushwa kwa mkono wa kushoto. Saa nzima halikufanana na kitu. Baadaye kidogo likawa na bega.

Nilitegemea kwamba angelikata tundu kamili na kuunganisha pua palepale inapoanza kuinuka. Hakufanya hivyo. Pua aliiacha na ukingo mpana, vidole vitatu hivi, uliolala sawasawa na boneti, na maungio yakaangukia mbali na kona. Kwenye kona nyundo haiingii na msasa haufiki, alieleza. Tena jicho la mtu hukimbilia kona kwanza. Mshono unafichwa mahali ambapo hakuna anayeutafuta. Mama yangu alikuwa fundi cherehani Moshi, na angeyasema maneno hayo hayo juu ya kwapa la gauni.

Kulehemu kulikuwa mtihani. Nukta moja hapa, nukta nyingine upande wa pili kabisa, kitambaa chenye maji, subiri. Nukta nyingine. Bati jembamba likipata moto hutanuka na halina pa kwenda, likipoa huvuta majirani. Anayechomelea mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho huishia na boneti iliyojikunja kama chapati iliyosahauliwa. Maungio yasiyofika mita moja na nusu yalikula nusu siku. Kila baada ya nukta kadhaa mzee aliuegemeza mshono juu ya chuma na kuugonga, ili kile kilichosinyaa kitanuke tena.

Jirani, ukuta kwa ukuta, walikuwa wanaunda bodi ya matatu. Huko hakuna kilichofichwa. Matundu ya hewa yasiyopitisha hewa, mapezi ya papa, taa za zambarau chini ya ngazi, uso wa mwanamuziki ukutani ukubwa wa mlango. Mmoja wa vijana wa mzee hufanya kazi pande zote mbili, asubuhi huku, mchana kule. Nikamuuliza ipi ngumu. Akasema ya matatu inalipa haraka, na watu wanapiga picha. "Ya mzee ukimaliza, mtu anauliza mbona hamjafanya kitu."

Fila ya kuziba mabonde ilikuja mwisho kabisa, nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Mzee ana chuki nayo ya kidini. Zaidi ya milimita 3, anasema, hiyo si bodi tena, ni udongo. Alipoanza kazi alikutana na magari ya Kiingereza ambayo ukiyachoma rangi unakuta risasi iliyoyeyushwa kwenye maungio. Risasi hiyo hiyo ndiyo waliyotumia mafundi wa California wa miaka ya 1940 na 1950, akina George na Sam Barris, walipokuwa wakifuta mistari ya kiwandani kwenye magari ya Mercury, wakiipasha moto na kuisawazisha kwa vibao vya mti. Mzee hakuwahi kusikia jina la Barris. Lakini nilipomwambia habari ya vibao aliitikia kwa kichwa na kuonyesha kwa mkono pembe ambayo kibao kinatakiwa kushikwa.

Nikawaacha na msasa, nikaenda Naivasha.

Barabara ya kuteremka Bonde la Ufa humfanya abiria anyamaze. Unatoka kwenye ukungu na misonobari, ghafla ardhi inaanguka, na Longonot imekaa chini pale na tundu lake kileleni. Kwenye kona wanauza kofia za ngozi ya kondoo, viazi, karoti zilizooshwa. Karibu na kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942 nilikula mahindi ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, matamu kuliko habari yoyote niliyoiandika wiki ile.

Ziwani nilitafuta habari za samaki, watu wakanipa habari za magari. Tangu mwaka 2021, Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia, Naivasha imekuwa makao yake, na vumbi la Kedong linazungumzwa kama mtu mwenye tabia mbaya. Mzee mmoja aliyekuwa akikaanga perege na samaki wa kigeni wanaoitwa kapu alikumbuka Impreza ya Colin McRae ikishinda mwaka 1997, kisha ya Richard Burns mwaka 2000. Ile pua, alisema, ulikuwa unaiona kabla ya kuliona gari. Nikamwambia kwetu wazee wanamtaja Bert Shankland, aliyeishi Tanzania na kushinda na Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967, enzi ambazo Safari ilipita nchi zetu zote tatu. Alimkumbuka. Tukaagiza chai nyingine.

Magari ya leo, vijana wake wakanieleza, yana pua juu ya paa pia, ya kuwapa hewa dereva na msaidizi wake. Wakaniuliza kama nimewahi kuona pua ya boneti isiyo na mshono. Nikasema ninayo moja, iko Kariobangi.

Niliporudi boneti ilikuwa ya kijivu, imefika hatua ya praima, na juu yake wamepuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi. Kijana wa asubuhi-huku-mchana-kule alikuwa akiisugua kwa ubao mrefu wenye msasa na maji. Nyeusi ikifutika, pako sawa. Nyeusi ikibaki, pana bonde. Vilikuwa vimebaki vibonde viwili vidogo kama kucha, nisingeviona hata ningelipwa. Mzee alivikwa kitambaa chembamba kiganjani na mwanafunzi wake, akafumba macho, akapitisha mkono kutoka kioo kuelekea taa. Akasimama. "Hapa." Wakaanza tena.

Kwa rangi kulikuwa na tatizo: gari liko Arusha. Buluu ya metali hailingani kwa namba peke yake. Jua la miaka 20 huwa limeiibia kitu. Kijana akafungua begi akatoa kifuniko cha tundu la petroli, akilicheka mwenyewe wazo lake. Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Walichanganya mara 5, kila mara wakipuliza kidogo kwenye kipande cha bati na kukilaza kando ya kifuniko juani, si kivulini. Hata hivyo mzee hakumdanganya. Rangi ya boneti na ya mafenda haitakutana vizuri mpaka fundi wa huko apulize kidogo kwenye kingo za fenda, buluu ififie ndani ya buluu. "Mpelekee yule wa faiba," alisema. "Mwambie amalizie yeye."

Asubuhi ya mwisho waliilaza juu ya mapipa mawili, nje, klia, ile rangi angavu ya juu, ikiwa imekauka. Waya za umeme za Kariobangi ni nyingi na zimefungwa ovyo, na zote zilikuwa ndani ya boneti ile. Mzee hakutazama rangi. Alitazama waya. Alichuchumaa, akasogeza kichwa polepole kulia, na waya zikatembea juu ya buluu, zikafika kwenye pua, zikapanda bega, zikateremka upande wa pili bila kuvunjika wala kutetemeka. Akarudia kutoka kushoto. Kisha akaenda kunawa mikono, na hilo ndilo lililokuwa tangazo kwamba kazi imekwisha.

Kurudi, ukaguzi hufanyika upande wa Tanzania, kwa maafisa wengine. Bibi mmoja mwenye miwani, mpole sana, alifunua shuka akatazama muda mrefu.

"Mwanangu, hii boneti mpya umenunua shilingi ngapi? Risiti iko wapi?"

Si mpya, kijana akasema. Ni ya kwangu, ya zamani, ilipasuka. Akaonyesha picha kwenye simu, ufa na kila kitu. Bibi akalinganisha. Alipitisha kidole pale ufa ulipokuwa, akarudi kwenye picha, akatikisa kichwa. Hii imetoka kiwandani, alisema, na vya kiwandani vina karatasi zake. Nyuma yetu foleni ilianza kuguna. Dereva wa kosta akapiga honi.

Kijana akaniomba nishike upande mmoja. Tukaigeuza. Chini, mahali ambapo mzee hakupiga fila wala rangi ya kupendeza, nukta za kulehemu zilizunguka tundu moja baada ya nyingine, nyeusi, zimekaribiana kama shanga, na ule ubavu mpya ukipita kando yake. Bibi aliinua miwani, akainama, akaanza kuzihesabu kwa kidole.